Nyumba Sitini na Nne na Mali ya Yatima



Juma hili tunawaletea nambari moja. Ina tarakimu 20, nayo ni hii: 18,446,744,073,709,551,615. Tunamwomba msomaji asiikimbie kwa urefu wake. Husomwa hivi: kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551 na mia sita na kumi na tano. Maulamaa wetu waliihesabu yapata miaka elfu moja iliyopita, bila mashine wala kikokotoo. Sisi tuliikumbuka mwezi wa Februari tukiwa mbali na bahari, katika kitongoji cha Mbumbuni, Kaunti ya Makueni, na ikatusaidia katika jambo ambalo maneno yetu ya mimbari yalikuwa yameshindwa.

Tulikwenda huko kumzuru mpwa wetu, binti wa dada yetu, aliyeolewa Ukambani na sasa ni mjane. Ukitoka Mombasa unashika barabara kuu ya Nairobi, unaingia Wote, kisha unatafuta matatu nyingine ya kwenda upande wa Mbooni Mashariki. Njiani unapita mito ya mchanga na mashamba ya matuta. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha na ndengu, ambazo sisi wa pwani twaziita pojo, zilikuwa zimevunwa. Kila ua ulikuwa na turubai lililoanikwa ndengu juani.

Baada ya swala ya Alasiri mpwa wetu alitutengea chai, akakaa kitako, akasema, "Mjomba, nina jambo nataka unipe idhini."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Marehemu mumewe aliacha watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Katika mirathi, fungu la watoto lilitoka shilingi 90,000: mvulana 45,000 na kila msichana 22,500. Fedha hizo zilikuwa mikononi mwa mama yao kama amana. Sasa pale mtaani palikuwa pameingia mpango. Kila anayeingia hutoa shilingi 2,000, huleta watu wawili, na hao wawili kila mmoja huleta wawili wake. Wanapotimia wale wanne wa chini, yeye hupokea shilingi 8,000. Mtu akitaka huruhusiwa kununua nafasi nyingi. Mpwa wetu alikwisha piga hesabu yake: shilingi 90,000 ni nafasi 45, na nafasi 45 ni shilingi 360,000. Ada za shule za watoto zingetimia mpaka kidato cha nne.

Tukamwuliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe umeshaingia?"

Akainamisha macho. Alikuwa ameingia kwa 2,000 zake za mauzo ya mayai, na alikuwa ameshawaleta majirani wawili. Kisha akatuambia neno ambalo kila aliye katika mipango hii hulisema, "Lakini Mjomba, wanalipa. Wanawake watano wameshalipwa. Nimewaona kwa macho yangu wakihesabu noti."

Tulianza kumwambia juu ya haramu na halali, akatusikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mtu mzima. Ila tuliona usoni mwake kwamba maneno yanapita. Mtu aliyeona noti zikihesabiwa hashindwi na waadhi. Ndipo macho yetu yalipoangukia ubao wa drafti.

Ulikuwa kipande cha karatasi ngumu ya katoni, mjukuu wetu wa miaka kumi ameuchora kwa kalamu ya wino, miraba minane kwa minane. Ubao wa drafti na ubao wa sataranji ni mmoja: nyumba 64. Na wazee wa pwani watakumbuka kwamba bao letu la Kiswahili nalo huchezwa kwa kete 64. Tukamwita mtoto, tukamwambia alete bakuli la ndengu, kilo moja iliyopimwa.

"Tia punje moja katika nyumba ya kwanza," tukamwambia. "Ya pili tia mbili. Ya tatu nne. Ya nne nane. Kila nyumba iwe maradufu ya ile iliyotangulia. Tuone kama kilo hii itajaza ubao."

Akacheka. Kilo nzima, na miraba 64 tu! Dada zake wakaja kusaidia. Mstari wa kwanza wa nyumba nane ulimalizika upesi, na nyumba ya nane ilikuwa na punje 128. Jumla ya mstari mzima ilikuwa punje 255, hazijazi hata kiganja cha mtoto. Nyumba ya tisa ikataka 256, ya kumi 512. Hapo walichoka kuhesabu, tukatumia mizani ya dukani: punje 100 za ndengu zile zilikuwa na uzito wa gramu 5, yaani kilo moja ni punje kama 20,000. Tukaendelea kwa kupima. Nyumba ya 14 ilipojazwa, zilikuwa zimetumika punje 16,383. Nyumba ya 15 peke yake ilitaka punje 16,384, na katika bakuli zilibaki elfu tatu na kitu. Kilo ilishindwa hapo, katika mstari wa pili.

Mtoto akauliza, "Babu, gunia je?"

Tukampa karatasi. Gunia la kilo 90 ni punje kama 1,800,000. Gunia zima linakwisha kabla ya nyumba ya 21 kutimia. Mstari wa tatu ukimalizika, nyumba 24, umekula magunia tisa na zaidi. Nusu ya ubao, nyumba 32, inataka punje 4,294,967,295, nazo ni magunia kama 2,386, mzigo wa malori zaidi ya 20 ya tani kumi kumi. Na ubao wote wa nyumba 64 unataka ile nambari tuliyoanza nayo. Kwa uzito wa ndengu zile ni tani bilioni 922. Mavuno ya ngano ya dunia nzima kwa mwaka hayafiki tani bilioni moja. Mvune ngano yote ya ulimwengu kwa miaka elfu moja bila kula hata mkate mmoja, na ubao ule wa katoni bado haujajaa.

Mpwa wetu aliacha kuchambua mchele, akasogea.

Msomaji ajue kwamba hesabu hii si mchezo wetu wa kutunga. Ni urithi. Wasimulizi wa kale walisema kwamba aliyebuni sataranji huko Bara Hindi aliambiwa na mfalme ataje zawadi, naye akaomba nafaka kwa mpango huu. Mfalme alimdharau kwa kuomba kidogo, mpaka makarani walipomletea hesabu. Kisa hicho ni kisa, wala hatudai kwamba kilitokea. Ama hesabu yake ni ya kweli. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, aliandika jumla hiyo kamili katika kitabu chake cha taarikh za mataifa, al-Athar al-Baqiya. Wala si lazima kujumlisha mara 63 ili kuifikia. Ipo njia ya kuizidisha nambari kwa yenyewe: 2 mara 2 ni 4, 4 mara 4 ni 16, 16 mara 16 ni 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296, na mara ya sita unaifikia ile kubwa. Unatoa moja, umemaliza. Kuzidisha mara sita tu kunakutoa kwenye punje mbili na kukufikisha kwenye nafaka isiyoenea duniani.

Na Ibn Khallikan, kadhi mkuu wa Damascus aliyefariki mwaka 1282, anakiri katika kitabu chake cha wasifu wa watu mashuhuri kwamba yeye mwenyewe alikuwa na shaka na hesabu hii mpaka alipokutana na mjuzi wa hesabu wa Alexandria. Mtu huyo alizidisha hadi nyumba ya 16, akapata punje 32,768, na kiasi hicho akakifanya kuwa kipimo kimoja cha nafaka, mfano wa kibaba chetu. Akaendelea kuzidisha vipimo, nyumba ya 40 ikawa ghala zima, nyumba ya 50 ikawa maghala 1,024, sawa na mji, na nyumba ya 64 ikawa miji 16,384. Tunakipenda kisa hiki kwa sababu kadhi hakuona haya kusema kwamba alishuku, kisha akaonyeshwa, akaamini.

Sasa tuingie katika tabia za nambari yenyewe, maana ndani yake mna jibu la mpwa wetu.

Tabia ya kwanza. Katika ubao huu kila nyumba ina punje nyingi kuliko nyumba zote zilizotangulia zikijumlishwa, na huzidi kwa moja tu. Tazama: 1 na 2 na 4 ni 7, nyumba inayofuata ni 8. Ongeza hiyo 8 upate 15, inayofuata ni 16. Ndivyo ilivyo mpaka mwisho. Jumla ya nyumba 63 za mwanzo inapungukiwa na punje moja kuwa sawa na nyumba ya 64 peke yake.

Tukamwambia mpwa wetu, "Ondoa ndengu, weka wanawake. Nyumba ya kwanza ni yule aliyeanza. Ya pili ni wawili aliowaleta. Ya tatu ni wanne. Mpango wenu ni ubao huu huu. Sasa niambie, siku mpango ukisimama, wengi wako nyumba gani?"

Akatazama ubao kwa muda. Akasema kwa sauti ya chini, "Ya mwisho."

Naam. Siku yoyote mpango unaposimama, uwe mdogo au mkubwa, wale wa safu ya mwisho ni wengi kuliko wote waliowatangulia. Na katika mpango ule, hata safu ya pili kutoka mwisho hailipwi, kwa kuwa mtu hulipwa wanapotimia wajukuu wake wanne. Tukafanya hesabu ya safu saba. Jumla ni wanawake 127. Safu mbili za mwisho zina 64 na 32, yaani wanawake 96, ambao wamepoteza kila mmoja shilingi 2,000: jumla shilingi 192,000. Waliolipwa ni 31, kila mmoja amepata faida ya 6,000: jumla 186,000. Zilizobaki, shilingi 6,000, ni viingilio vya wale watatu wa juu kabisa, ambavyo havikuwa na wa kulipwa, navyo viliingia mfukoni mwa aliyeuleta mpango. Jumlisha, utaona shilingi zimetimia bila kuzidi wala kupungua. Hapana shilingi hata moja iliyozaliwa. Hapakulimwa, hapakuuzwa, hapakushonwa kitu. Fedha za wanawake 96 zimehamishwa tu.

"Na safu zikiongezeka?" akauliza. "Watu ni wengi, Mjomba."

Watu ni wengi, lakini maradufu ni mengi kuliko watu. Katika sensa ya mwaka 2019 Kaunti ya Makueni ilihesabiwa watu 987,653, vikongwe na wachanga wakiwemo. Safu 20 za mpango ule zinataka watu 1,048,575. Kenya nzima ilihesabiwa watu 47,564,296. Safu 26 zinataka zaidi ya milioni 67. Na safu 33 zinataka watu zaidi ya bilioni 8 na nusu, nao hawajapata kuwepo kwa pamoja juu ya ardhi hii. Nusu ya ubao na nyumba moja tu, na wanadamu wamekwisha. Wala mpango hausubiri kufika huko. Husimama mapema zaidi, mtaa unapokosa majirani. Zile nafasi 45 alizotaka kuwanunulia yatima zingehitaji nafasi 90 chini yake na 180 chini ya hizo, jumla 270. Tukamwuliza angewatoa wapi Mbumbuni. Hakujibu.

Tabia ya pili. Nambari yetu inagawanyika, na mgawanyiko wake una nidhamu. Huishia na 5, kwa hiyo hugawika kwa 5. Ukijumlisha tarakimu zake zote unapata 87, nayo hugawika kwa 3, kwa hiyo nambari nzima hugawika kwa 3. Hugawika pia kwa 17, kwa 257 na kwa 65,537. Hizi si nambari za kubahatisha. Ni 3, kisha 3 mara 5 ni 15, kisha 15 mara 17 ni 255, kisha 255 mara 257 ni 65,535, na hizo zote ni jumla za ubao katika nyumba ya 2, ya 4, ya 8 na ya 16. Zidisha 65,535 kwa 65,537 upate nusu ya ubao, 4,294,967,295. Zidisha hiyo kwa 4,294,967,297, ubao umejaa. Vijana wetu wa shule wajaribu kwa karatasi.

Hapo pana kisa kingine cha kweli. Mwanahesabu wa Ufaransa, Pierre de Fermat, alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni nambari tasa, yaani hazigawiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Mwaka 1640 aliandika kwamba anaamini mfuatano huo hautakatika, hivyo ile ya sita, 4,294,967,297, nayo ni tasa. Tano za mwanzo zilikuwa kweli. Mtu angeshuku nini? Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ya sita hugawika: ni 641 mara 6,700,417. Mwenye kikokotoo cha simu ahakikishe.

Tulimtazama mpwa wetu tukamwambia, "Wanawake watano wamelipwa, umewaona. Na Fermat aliona nambari tano." Alitabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile, tabasamu la mtu aliyekamatwa. Tano za kweli hazikuwa dhamana ya ya sita. Aliyejua nambari alidanganywa na mwanzo mzuri, seuze sisi tunaohesabu noti za jirani.

Hapa tunapaswa kusema jambo ambalo hatukulisema kamwe katika safu hii. Tulimwambia mpwa wetu usiku ule, na si haki kuwaficha wasomaji. Mwaka 2006, hapo Mombasa, sisi wenyewe tuliingia katika mpango wa namna hii. Haukuitwa kamari wala riba, uliitwa kusaidiana. Tulitia shilingi 15,000. Na kwa kuwa watu walituamini, tuliwaleta watatu kutoka katika jamaa zetu wa msikitini. Mmoja alikuwa mama mzee aliyekaanga mahamri kabla ya Alfajiri, akatia shilingi 10,000 alizoweka kwa ajili ya kuezeka nyumba yake mabati. Hakuuliza swali lolote. Alisema, "Ukiwa umeingia wewe, Sheikh, basi."

Miezi michache baadaye tulikuta mlango una kufuli. Fedha zetu tulizisamehe. Za watu wale hatukuweza kuzisamehe, maana hawakuuamini mpango, walituamini sisi. Wawili tuliwalipa kidogo kidogo kwa miezi 14. Yule mama alifariki tukiwa tumebakiza shilingi 4,000. Tuliwapelekea wanawe siku ya hitima, wakapokea bila ya neno. Nyumba yake ilikuwa bado ya makuti.

Hatukuwa peke yetu. Miaka ile mipango hiyo ilienea nchi nzima, na mwaka 2009 serikali iliunda jopo la kuichunguza likiongozwa na Francis Nyenze, aliyepata kuwa mbunge wa Kitui Magharibi huku huku Ukambani. Liliripoti mipango 270, watu zaidi ya 148,000 na hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8. Mwaka huo huo wa 2009, huko Tanzania, serikali iliusimamisha mpango wa DECI, ambao watu waliutia fedha wakiambiwa wanapanda mbegu na watavuna. Majina hubadilika, lugha hubadilika, ubao ni ule ule.

Neno la kupanda mbegu linatupa fursa ya kutofautisha. Aya ya 261 ya Sura al-Baqara inapiga mfano wa punje moja inayotoa mashuke saba, kila shuke punje mia, yaani punje 700. Huko nako kuna kuzidi. Lakini ile ni punje iliyoingia udongoni, ikapata mvua na mikono ya mkulima. Ndengu za Mbumbuni zilizidi kwa sababu mtu alichimba matuta na Mola akaleta vuli. Kuzidi kwa mpango hakuna udongo. Chakula chake ni jirani anayefuata. Na mwenye kutaka kujua ukali wa kuigusa mali ya yatima kwa dhulma, asome aya ya 2 na ya 10 za Sura an-Nisaa pamoja na tafsiri zake, kisha alale kama ataweza.

Akina mama wasitudhanie kwamba tunaupiga vita mchezo wao wa kila mwezi. Mchezo ni jambo jingine kabisa. Wanawake 12 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, kila mmoja katika mwaka hutoa 24,000 na hupokea 24,000 kwa zamu yake. Hapana aliyepata zaidi wala kupungukiwa, na hesabu haihitaji mtu wa 13. Hicho ndicho kipimo chepesi ambacho kila mama anaweza kukitumia jikoni mwake: uliza, "Leo tukifunga mlango, asiingie mtu mwingine, je, kila aliyemo atapata haki yake?" Mchezo hujibu naam. Mpango hauwezi kujibu naam siku yoyote, hata siku ya kwanza. Na akiambiwa kuna biashara, aulize bidhaa iko wapi, nani ameiona, na mkataba umeandikwa mbele ya mashahidi gani.

Asubuhi yake mpwa wetu hakungoja tumwambie. Zile shilingi 90,000 alizirudisha katika akaunti aliyokuwa amezitoa. Zake 2,000 alizihesabu kuwa zimekwenda. Kisha akavaa buibui lake, akaenda kwa wale majirani wawili aliowaleta, akawaeleza kwa ndengu kama alivyoelezwa, na akawaahidi kuwarudishia fedha zao kwa mauzo ya mayai.

Juzi alitupigia simu. Wa kwanza ameshamlipa, wamebaki marafiki. Wa pili alikataa kupokea. Alisema kwamba mpwa wetu ana husuda, kwamba yeye anasubiri 8,000 zake, na kwamba tayari ameshawaleta wawili wake. Mpwa wetu alikuwa analia. Alituuliza, "Mjomba, na hao wawili dhambi yao iko juu ya nani?" Tulimwambia fedha za jirani azitenge pembeni, asizile, na asiache kugonga mlango ule. Jibu zaidi ya hilo hatukuwa nalo. Punje ukishaitia katika nyumba yake haikai peke yake, huita mbili, na mbili huita nne. Ndiyo sababu tunataka izuiwe katika nyumba ya kwanza.

Kwa hiyo tunawapa kazi ya nyumbani. Mwisho wa juma hili, chukueni ubao wa drafti na kilo ya ndengu, au pojo, au mchele. Wakusanyeni watoto baada ya Magharibi. Hesabuni punje mia, mpime, kisha mjaze nyumba mpaka kilo ikwishe, na kila mtoto akisie kwanza itafika wapi. Mkimaliza, waambieni kisa cha al-Biruni na cha kadhi wa Damascus. Kisha waulizeni swali tulilomwuliza mpwa wetu: siku mpango ukisimama, wengi wako nyumba gani? Mtoto aliyeijua nambari hii kwa mikono yake hatahitaji kuijua kwa fedha zake, wala kwa fedha za mama wa mahamri.

Ndengu zenyewe msizitupe. Zioshwe, zipikwe kwa nazi, na anayeishi jirani peke yake apelekewe bakuli.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.